Kabla hujalipia upasuaji wa kuongeza uume

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, nimeoa, na mke wangu hajawahi kulalamika. Ila tangu shuleni najiona mdogo kuliko wenzangu. Nimejipima kwa tepu ya fundi cherehani nikapata sentimita 12 nikiwa nimesimamisha. Kuna kliniki inatangaza mtandaoni kuwa itaniongeza sentimita 5 hadi 7 kwa upasuaji wa saa moja tu, na siku hiyohiyo narudi nyumbani. Wanataka malipo ya awali wiki hii. Nina kilo 108, na miezi ya karibuni nguvu zinanipotea katikati ya tendo. Niende? Na je, naweza kufanya bila mke wangu kujua? – Mwenye Aibu*

Marahaba, mwanangu. Wiki hii usilipe kitu. Hakuna upasuaji unaoongeza sentimita 5 hadi 7 kwenye uume uliosimama, na anayekuahidi hivyo ama hajui kazi yake ama anajua vizuri sana anachouza.

Tuanze na kipimo chako, maana hakiko sawa. Tepu hujikunja, na kwa uzito wako kuna tabaka la mafuta juu ya kinena linalofunika shina la uume. Tafuta rula ngumu. Simama wima kwenye chumba chenye joto la kawaida, weka rula upande wa juu wa uume, ikandamize mpaka iguse mfupa wa kinena, kisha soma mpaka ncha ya kichwa. Govi likizidi usilihesabu. Kama siku hiyo haujasimama vizuri, ushike kichwani uuvute taratibu mpaka ukomee: urefu huo unakaribiana sana na ule wa kusimama. Tepu itumie kupima mzingo tu, katikati ya shina. Rudia siku nyingine, kwa sababu baridi na wasiwasi huupunguza uume uliolala hata kwa sentimita kadhaa.

Sasa linganisha. Mwaka 2015 watafiti wa London walikusanya vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000 vilivyochukuliwa na wahudumu wa afya, si vya kujitajia wenyewe. Wastani ulikuwa sentimita 9.16 ukiwa umelala, 13.12 ukiwa umesimama, na mzingo wa 11.66 ukiwa umesimama. Hata tukikubali zile 12 zako za tepu, takriban mwanaume mmoja kati ya wanne ana urefu huo au chini yake. Wanaozidi 16 ni kama 5 kati ya 100, na hao ndio wanaochaguliwa kuonekana kwenye video za ngono. Madaktari wengi huanza kuzungumzia uume mdogo kitabibu pale unapokuwa chini ya sentimita 7.5 au hapo karibu, ukiwa umevutwa au umesimama. Wewe huko hauko hata kidogo.

Upasuaji wa kurefusha wenyewe unafanyika hivi. Uume hauanzii pale unapouona. Sehemu yake kubwa imejificha ndani, imeshikiliwa kwenye mfupa wa kinena na ukano, yaani mkanda imara wa tishu. Daktari huchana ngozi juu ya shina, akakata ukano huo, na sehemu ya ndani ikasogea mbele kidogo. Faida ya kawaida ni sentimita 1 hadi 3, na hiyo ni ukiwa umelala. Ukisimama, ongezeko huwa dogo mno au halipo kabisa, kwa sababu nyama inayojaa damu haijaongezwa hata chembe, imehamishwa tu. Kwa hiyo unalipia muonekano wa bafuni.

Ukano ule nao una kazi yake. Ndio unaoupa uume uliosimama mwelekeo wa juu na uimara pale chini. Ukishakatwa, uume unaweza kusimama ukiangalia mbele au chini, ukayumba pembeni, na kuingia kukahitaji kuushika kwa mkono. Halafu kuna kovu. Kovu hujivuta linapokomaa, na likiushika uume na kuurudisha kwenye mfupa, unaweza kutoka mfupi kuliko ulivyoingia. Ndiyo maana baadhi ya madaktari huweka kipande cha silikoni au mafuta kwenye nafasi iliyobaki, kisha wakamwagiza mgonjwa avae kifaa cha kuvuta saa kadhaa kila siku kwa miezi. Tangazo la "saa moja" huwa halisemi hilo. Na pale ngozi ya kinena inaposhonwa upya ili kuupa uume nafasi, ngozi yenye nywele husogezwa mpaka kwenye shina, na wakati mwingine kunabaki kinundu kinachoonekana hata ukivaa.

Kuongeza unene ni habari nyingine. Njia iliyozoeleka ni kunyonya mafuta tumboni au mapajani na kuyadunga chini ya ngozi ya uume. Kinachotokea ni kwamba mwili hunyonya sehemu ya mafuta hayo, na haunyonyi sawasawa: upande mmoja unabaki umejaa, mwingine umebonyea, na katikati kunakuwa na vinundu vigumu. Kichwa hakinenepi, basi kinaonekana kidogo kuliko shina lake. Mafuta yakiingia kwenye mshipa wa damu yanaweza kufika kwenye mapafu, na vifo vya namna hiyo vimewahi kutokea. Asidi ya hayaluroniki, ile inayotumika kujaza midomo na mashavu, ina unafuu mmoja: ikiharibika ipo dawa ya kuiyeyusha. Lakini huisha yenyewe baada ya muda, na vinundu na maambukizi vinawezekana pia.

Kuna pia kipandikizi cha silikoni kinachovalishwa chini ya ngozi kuzunguka shina. Kikipata maambukizi au kikianza kutoboa ngozi, lazima kitolewe, na kovu la baada ya hapo linaweza kukuachia uume uliofupika au uliopinda. Usikichanganye na kile wanachowekewa wanaume ambao hawasimamishi kabisa. Hicho kinasimamisha, hakikuzi, na wengi wanaowekewa hulalamika kwamba wamepungua.

Hili nitalisema kwa ukali. Asikudunge mtu mafuta ya mgando, parafini au silikoni ya maji, hata akiwa rafiki yako wa kufa na kuzikana. Vitu hivyo vikishaingia havinyonyeki tena kwa sindano. Vinajipenyeza kwenye tishu, ngozi inakuwa ngumu, inachimbika vidonda, inatoa usaha, na dawa yake ni kukata ngozi yote iliyoharibika na kupandikiza nyingine kutoka pajani au kwenye pumbu. Madhara yanaweza kujitokeza miaka mingi baadaye.

Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani kina msimamo ulioandikwa: kukata ukano ili kurefusha, na kudunga mafuta ili kunenepesha, ni taratibu ambazo usalama wake na manufaa yake havijathibitishwa kwa watu wazima. Wapo wanaohitaji kisu kweli. Yupo aliyezaliwa na uume mdogo mno, aliyeumia kwa ajali au saratani, na ambaye uume wake umefunikwa kabisa na mafuta au kovu. Hao wanatengenezewa waweze kukojoa wakiwa wamesimama na kufanya tendo, na hakuna anayewaahidi kuwashinda majirani.

Barua yako ina mambo mawili uliyoyapitia haraka, na kwangu ndiyo yenyewe hasa. Kilo 108 na nguvu kupotea, kwa kijana wa miaka 31, si suala la urefu. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba, hivyo sukari, shinikizo la damu na lehemu (mafuta kwenye damu) huweza kujitokeza hapo kabla ya kujitokeza kwenye moyo. Nenda hospitali ya kawaida, pima shinikizo, sukari ukiwa hujala, kipimo cha sukari cha wastani wa miezi mitatu, mafuta kwenye damu, na homoni ya testosteroni asubuhi, kabla ya saa 4. Angalia pia kama unaamka uume umesimama imara. Kama ndiyo, na unalegea tu ukiwa na mkeo, mwili huenda ni mzima na wasiwasi ndio unaokuangusha. Anayejipima kichwani katikati ya tendo hawezi kubaki imara. Uume uliosimama nusu ni mfupi, basi ukiponya nguvu huenda ukapata sentimita ambazo kliniki ile haina. Na tumbo likipungua, sehemu iliyofunikwa na mafuta ya kinena inajitokeza. Kwenye rula iliyokandamizwa mpaka mfupani hutaona badiliko, kwenye kioo utaliona.

Kuhusu vinavyouzwa bila kisu, nitakuwa mfupi. Vidonge na krimu za kukuza havikuzi, na baadhi ya "mitishamba" hiyo imewahi kukutwa imechanganywa na dawa za kusimamisha bila kuandikwa kwenye kopo, jambo la hatari kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti. Pampu ya hewa huvuta damu kwa muda tu, na pete yake ya kubana shina isikae zaidi ya dakika 30. Kukamua uume kwa mikono kila siku kunaweza kuujeruhi kwa ndani ukapinda. Kifaa cha kuvuta ndicho pekee chenye ushahidi kiasi: mtu hukivaa saa 4 au zaidi kwa siku, kwa miezi 3 hadi 6, akapata sentimita 1 au 2. Ukihisi ganzi au kichwa kikibadilika rangi, kivue mara moja.

Wengi wanaokwenda kuomba upasuaji huu wana maumbile ya kawaida kabisa, na kati ya hao wapo ambao hata baada ya kuongezwa bado wanajiona wadogo. Kama unaliwaza jambo hili kila siku, unaoga ukijificha, au umeacha kumkaribia mkeo kwa sababu yake, muone mshauri wa afya ya akili mwenye uzoefu wa mambo ya ndoa kabla hujamuona daktari wa upasuaji. Daktari mwenye busara atakupeleka huko mwenyewe.

Ukishafanya yote hayo na bado moyo wako uko kwenye kisu, nenda kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo aliyesajiliwa, na uthibitishe usajili wake kwenye baraza la madaktari. Muulize ni sentimita ngapi ukiwa umesimama, siyo ukiwa umelala. Muulize ni nyenzo gani anaingiza, inatolewaje, na gharama ya kuitoa ni ya nani. Muulize wagonjwa wake wangapi wamerudi chumba cha upasuaji, na aandike majibu. Asiyekuuliza kuhusu sukari, sigara, aspirini na dawa za kuyeyusha damu, inuka uondoke. Sigara inaachwa angalau wiki nne kabla, maana hupunguza damu kwenye ngozi na kidonda hukawia kufunga. Baada ya upasuaji, homa, usaha, ngozi inayogeuka nyeusi au uume uliosimama zaidi ya saa 4 si mambo ya kusubiri kesho.

Kumficha mkeo hutaweza. Utakaa na bandeji, uvimbe na michubuko, kila ukisimama usiku mshono unavutwa na unaamka kwa maumivu, na tendo la ndoa ni marufuku kwa wiki 4 hadi 6. Utamwambia nini? Mwambie sasa, kabla pesa haijatoka. Anza na hilo la nguvu kupotea, kwa sababu hilo tayari analijua.