Kuwaandaa wasaidizi wapya wa kufundisha chuoni: wasimame wafundishe kwanza

Mkuu, umesema idara imekukabidhi wanafunzi kumi wa uzamili na uzamivu ambao wiki ijayo wanaanza kuendesha semina za mwaka wa kwanza, una siku mbili tu za kuwaandaa, na hujui uanze na lipi. Anza kwa kuwasimamisha wafundishe, siku hiyo hiyo ya kwanza. Kanuni za chuo, fomu za mahudhurio na tarehe za kurudisha maksi ziandike, uwagawie, wakasome wenyewe.

Nasema hivi kwa yaliyonikuta. Kwenye semina yangu ya kwanza nilipewa ufunguo wa chumba, nakala ya silabasi na orodha ya majina 32. Somo lilikuwa takwimu, na nililijua vizuri. Niliandaa kurasa 11 nikazimaliza zote kwa dakika 50, muda mwingi nikiwa nimewapa mgongo. Karibu na mwisho binti mmoja wa mstari wa mbele akauliza: tukitafuta varianzi ya sampuli, yaani kipimo cha namba zilivyotawanyika kuuzunguka wastani, kwa nini tunagawanya kwa idadi ukitoa moja, na si kwa idadi yenyewe? Nikamjibu kwamba kanuni ndiyo inavyosema, nikafuta ubao. Nilikuwa nimeitumia kanuni hiyo miaka minne, na hakuna aliyewahi kunitaka nimweleze. Yule binti hakuuliza tena hadi muhula ukaisha. Wenzake walioona alivyojibiwa nao wakanyamaza.

Jibu lenyewe lilihitaji namba tatu tu ubaoni. Chukua 2, 4 na 9. Wastani ni 5, tofauti ya kila namba na wastani huo ni −3, −1 na 4, na ukizijumlisha unapata sifuri. Itakuwa hivyo siku zote, kwa sababu wastani umetoka kwenye namba hizo hizo. Ukishazijua tofauti mbili, ya tatu haina uhuru tena, ndiyo maana tunagawanya kwa mbili. Na kwa kuwa wastani wa sampuli huzikaribia namba zake kuliko wastani wa kweli wa kundi zima sampuli ilikotoka unavyozikaribia, ukigawanya kwa idadi kamili unaelekea kupata varianzi ndogo kuliko ya kweli. Dakika tatu zingetosha. Elimu nilikuwa nayo. Nilichokosa ni mazoezi ya kumweleza mtu asiyejua, na hayo hakuna aliyekuwa amenipa.

Ndiyo maana, nilipokuja kupewa kazi ya kuwaandaa wengine, nilishika njia iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1960: somo fupi, kundi dogo, maoni, kisha somo lile lile linarudiwa. Kila mmoja anachagua dhana moja na kuifundisha kwa dakika 8. Wenzake wanakaa kama mwaka wa kwanza, na mmoja wao nampa kazi ya siri ya kuuliza "kwa nini". Baada ya hapo dakika 7 za maoni. Kwa watu kumi hiyo ni saa mbili na nusu, asubuhi moja inatosha. Sikubali maoni ya "umejitahidi" au "ongeza sauti". Kila msikilizaji anasema alichoelewa kwa maneno yake mwenyewe, na mfundishaji anapima kama ndicho alichokusudia. Mara nyingi sicho, na hapo ndipo unamwona anaanza kufikiri upya. Kesho yake asubuhi anarudia. Tafadhali marudio hayo usiyakate hata muda ukibana, maana mtu hubadilika kwenye jaribio la pili.

Wafanyishe pia mazoezi ya kukaa kimya. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe aligundua kwamba walimu wengi wakiuliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kuongea tena. Walipojizuia hadi sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kuchangia. Sekunde 3 mbele ya darasa ni ndefu kuliko unavyodhani, kwa hiyo nawaambia wahesabu kimoyomoyo. Na lile swali la "mmeelewa?" nimelipiga marufuku kabisa kwenye mazoezi. Darasa zima litaitikia ndiyo. Aulize kitu kinachoonyesha: "nikiibadilisha hii 9 kuwa 12, nini kitabadilika?"

Mchana wa siku ya kwanza ni wa kusahihisha, na hapa usiharakishe. Chukua karatasi tatu za mtihani uliopita, ondoa majina, toa nakala, kila mtu asahihishe peke yake kwa mwongozo mmoja, halafu andika maksi zote ubaoni. Kwenye kundi langu karatasi moja ilipewa 8 na mmoja na 15 na mwingine, kati ya 20. Mwanafunzi alikuwa amekosea kujumlisha hatua ya kwanza, kisha akafuata njia sahihi hadi mwisho kwa namba yake mbovu. Mmoja alimkata kila hatua, mwingine alimkata mara moja. Tulibishana karibu saa nzima, tukakubaliana kosa likatwe pale lilipozaliwa tu, tukaliandika kwenye mwongozo. Bila ubishi ule maksi ya mwanafunzi ingetegemea karatasi yake imeangukia mkononi mwa nani, na hilo ni dhuluma. Wazoeshe pia kusahihisha swali la kwanza kwa wote, ndipo waende la pili.

Yaliyobaki ni mafupi. Karatasi ya ndugu au rafiki wa msaidizi ipelekwe kwa msaidizi mwenzake. Mwanafunzi akija na tatizo zito la maisha, amsikilize na amfikishe kwa mshauri wa wanafunzi, wala asimwahidi siri asiyoweza kuitunza. Asichokijua aseme hakijui, ataje siku atakayoleta jibu, na siku hiyo alilete. Wengine hapa wameshauri uwape slaidi zako tu wazisome darasani. Mimi sikubaliani, ndiyo njia ya kuwapata wasomaji wa slaidi. Ila kumbuka nao wana utafiti wa kuandika: nawawekea kikomo cha saa mbili za maandalizi kwa kila saa ya semina, la sivyo wataandaa usiku kucha.

Halafu wafuatilie. Wiki ya tatu naingia kwenye semina ya kila mmoja kwa dakika 15, nakaa nyuma, naandika wanachofanya wanafunzi, si anachofanya yeye. Daftari hilo namwachia mwenyewe, haliingii kwenye faili lolote. Wiki ya nne anawagawia wanafunzi vipande vya karatasi visivyo na majina: nini kinakusaidia hapa, nini kinakukwamisha. Msaidizi mmoja alikusanya vipande 28, na 19 vilisema anafuta ubao kabla hawajamaliza kunakili. Tangu semina iliyofuata aliugawa ubao kwa mstari wa chaki, upande wa kushoto akauacha bila kufutwa hadi kipindi kinaisha.