Muulize Mwalimu: Jini anayeishia ndotoni

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiswahili kidato cha pili hapa Chumbageni, Tanga. Tulisoma *Adili na Nduguze*, kisha nikawaambia wanafunzi watunge hadithi zao za ajabu. Nimesahihisha madaftari arobaini na mawili. Majini kila ukurasa, na karibu zote zinaisha "ghafla nikazinduka, kumbe nilikuwa naota". Mwenzangu ofisini ananishauri niachane na mambo ya mazimwi, watunge ya kweli. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa hayo madaftari. Mimi nimestaafu, lakini hadi leo nikisikia "nikazinduka" mkono unatafuta kalamu nyekundu.

Kitabu usikiache. Rudi nacho mwanzoni, maana nahisi wanafunzi wako wameshika manyani wakasahau kodi. Hadithi ile haifunguki kwa jini. Mfalme Rai anaona kodi ya Janibu haijafika, anatuma mtu akaifuate. Mjumbe huyo ndiye anayemkuta Adili, liwali mwenye sifa ya wema, akiwachapa usiku manyani wawili, ambao ni nduguze waliogeuzwa. Ajabu yote imepita kwenye hesabu isiyotimia! Na aliyeandika alikuwa mtu wa hesabu hizo: Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa forodha, na Pangani alikaa miaka mingi.

Mtoto hukimbilia ndoto kwa sababu jini wake anaweza kila kitu. Hakwami popote, basi mtunzi naye hajui ammalize vipi, anamlaza. Adili amekwama: kila usiku lazima achape, na hataki. Waulize darasani, kwa nini hakatai? Waache wabishane kipindi kizima, usiwasaidie.

Atatokea mjanja akuambie *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1940, nayo inaishia usingizini. Ni kweli. Mwambie atuletee kwanza sungura kama yule, mwenye saa mfukoni na hofu ya kuchelewa. Sisi tumezoea sungura mjanja. Huyu ana wasiwasi kama karani aliyekosa daladala asubuhi ya Jumatatu.

Zoezi langu lilikuwa hili. Kila mmoja alete karatasi ya kweli kutoka nyumbani: risiti, bili ya maji, kadi ya kliniki, chochote. Hadithi ianze na karatasi hiyo, na kitu kimoja tu ndani yake kisiwezekane. Kimoja! Vingine vyote vibaki kama vilivyo mtaani. Binti mmoja alileta risiti ya kilo tatu za changu. Katika hadithi yake, aliyenunua ni babu yake, na babu alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Hakumwita jini hata mmoja. Familia ilishughulika na jambo moja tu: samaki wale walipikwa jiko la nani? Nilisoma nikiwa nimesimama.

Huyo mwenzako mpe risiti naye aandike. Na Mapango ya Amboni yapige marufuku muhula mzima. Majini wote wa Tanga wameshapangishwa huko, hakuna chumba.