Msiache chapati kabla ya kupima

Swali la wiki lilitoka kwa mama wa Chamwino: mumewe anajaa gesi kila siku, yeye damu haipandi licha ya vidonge, na mtoto wao wa miaka minne uzito umegoma. Anauliza kama ni ngano, na kama waiache leo.

Inawezekana ni ngano, dada, ila msiiache bado. Kipimo cha damu cha seliaki (ugonjwa ambao mwili unajeruhi utumbo wake kwa sababu ya gluteni, protini ya ngano, shayiri na rai) hakitafuti gluteni yenyewe, kinatafuta kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa hutengeneza anapokula ngano, shayiri au rai. Mkikaa miezi kadhaa bila ngano, kingamwili zinashuka, utumbo unaanza kujirekebisha, na majibu yanakuja safi ilhali ugonjwa upo. Anayekwenda kupima awe amekula ngano zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki 6 angalau: chapati asubuhi, vipande viwili vya mkate jioni, basi.

Hapa kwetu ndipo mtego ulipo. Nyumba nyingi za Dodoma zinakula ugali wa mahindi, mtama au uwele kwa mlenda wiki nzima, na chapati ni ya Jumapili. Nafaka hizo tatu hazina gluteni inayodhuru wenye seliaki, wala mchele na ulezi. Kwa hiyo andikeni kwa siku 14 kila kinachoingia mdomoni, na choo kilikuwaje. Kama baba anajaa gesi Jumanne na Alhamisi wakati ngano aliionja Jumapili, huenda mshukiwa ni mwingine.

Tena wewe na mumeo si ndugu wa damu. Seliaki hufuata ukoo, kwa hiyo wote watatu kuumwa kwa mpigo kunanipeleka kwenye maji ya kunywa kabla ya ngano. Anzeni na kipimo cha choo, mtafute minyoo na giadia, kijidudu cha tumboni kinachoenea kwa maji machafu. Giadia pekee yaweza kuleta gesi na kumkondesha mtoto. Baba ajaribu wiki mbili bila maziwa mabichi wala chai ya maziwa, huenda maziwa ndiyo yanayomjaza gesi. Na wewe, vidonge vya damu unavimeza na nini? Wengi wanavishushia na chai ya asubuhi, na chai huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Meza kwa maji, saa moja kabla ya kula. Ukifanya hivyo mwezi mzima na damu bado haijapanda, na hedhi si nzito, hapo seliaki inastahili kutafutwa kwa bidii, hata kama hujawahi kuharisha.

Kwenye maabara taja vipimo viwili kwa sindano moja: tTG-IgA (kingamwili za seliaki) na IgA ya jumla (kiasi chote cha kingamwili za aina hiyo mwilini). Wagonjwa wa seliaki 2 au 3 kati ya 100 hawana IgA ya kutosha, hivyo kipimo cha kwanza kikiwa peke yake kitawadanganya. Majibu yakionyesha ugonjwa, hufuata kamera ya kupitia mdomoni. Mkumbushe daktari mapema kwamba mnatafuta seliaki, achukue vinyama (vipande vidogo vya kupima) vinne au zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, maana uharibifu hukaa kwa madoa madoa. Kamera ya kutafuta vidonda vya tumbo mara nyingine huishia kuchukua kinyama cha tumboni tu, na hicho hakisemi lolote kuhusu seliaki.

Akipatikana mmoja, wapimwe wazazi wake, ndugu zake na watoto wake, hata wasio na dalili. Kwa hao wa damu, kama 1 kati ya 10 naye hukutwa na seliaki. Majibu yakiwa safi kwa wote na chapati bado inasumbua, yaweza kuwa sukari fulani iliyomo kwenye ngano. Hiyo imo pia kwenye vitunguu na maharage, na kwa mtu huyo kupunguza kunatosha.

Mwenye seliaki hapunguzi, anaacha kabisa, maisha yote. Chapati, maandazi na tambi kila mtu anavijua. Vinavyoponyoka ni vitumbua vilivyoongezwa ngano ili vishikane, samaki aliyepakwa unga kabla ya kukaangwa, mihogo iliyopita kwenye mafuta ya maandazi, bia ya shayiri na semolina, ambayo nayo ni ngano. Kimea kisiwatishe bila sababu: cha ulezi, kile cha togwa, ni salama, cha shayiri ndicho kibaya. Uji wa lishe wa kununua uuachieni wengine, kwani wauzaji wengi huchanganya ngano humo. Changanyeni wenyewe ulezi, mchele, soya na karanga.

Halafu kuna mashine ya kusaga. Aliyekutangulia kwenye foleni akisaga lishe yenye ngano, unga wake unabaki kwenye chekeche na kwenye mfuko wa kitambaa, na debe lako linaupokea. Nenda asubuhi mashine ikiwa imekung'utwa, pitisha kwanza kilo mbili za mahindi yako, hizo wapeni kuku, ndipo umimine ya mgonjwa.