Fungua hiyo kanga kabla bega halijaganda

Fungua hiyo kanga shingoni, mdogo wangu, kisha ndipo uendelee kusoma. Umeandika kwamba umefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi la kushoto wiki tatu zilizopita, kwamba tezi za kwapani zilitolewa, kwamba mpira wa kutolea majimaji umekwisha kuondolewa, na kwamba shangazi yako amekufunga mkono ili usivimbe mpaka utakapomaliza mionzi. Maswali yako mengine nitayafikia. Shangazi yako simfahamu na shikamoo yake naitoa, lakini kanga hiyohiyo ndiyo iliyonifunga mimi, na nilipokusoma nilijiona mwenyewe nimekaa kitandani Ngamiani, Tanga, mkono kifuani, nikijisifu kwa utiifu.

Mimi nilikatwa upande wa kulia, upande wa mkono ninaokunia nazi. Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani alikuja jirani mmoja, mkandaji wa wazazi, mtu wa kuheshimika mtaani kwetu, akaniambia kwamba mkono uliotolewa tezi ni sawa na mtungi wenye ufa, kwamba kila ukiutikisa maji yanahama mahali pake na kujaa vidoleni, na kwamba dawa yake ni kuufunga usijongee hata kidogo. Aliyasema hayo kwa uthabiti wa daktari bingwa huku akimenya machungwa niliyoletewa mimi kutoka Muheza, nami nikamwamini, kwa kuwa alisema nililotaka kusikia: kwamba nilale. Wodini nilikuwa nimepewa karatasi ya mazoezi yenye picha kabisa. Karatasi hiyo niliifunikia kikombe cha uji.

Nilikaa hivyo wiki saba. Binti yangu alinichana nywele, dada yangu alinifunga vifungo vya gauni, na nilipoogeshwa nilifanya mzaha kwamba nimekuwa bibi harusi kwa mara ya pili, tena safari hii bila mahari. Kumbe wakati nikicheka, bega lilikuwa linaganda. Kwapani zilitokea kamba nyembamba zilizovutika chini ya ngozi hadi karibu na kiwiko, mithili ya mshipi ulionasa mwamba, nami nikaziona kuwa ni mishipa inayopona. Na huo uvimbe uliokuwa ukiogopwa? Ulikuja vilevile, kiganja kikajaa mpaka pete ikakataa kutoka, kwa sababu mkono ulikuwa umefungwa bila kazi mchana kutwa.

Sasa sikiliza sehemu iliyonigharimu. Dawa za dripu nilikuwa nimezimaliza kabla ya upasuaji, kwa hiyo hatua iliyobaki ilikuwa mionzi, na kwa mionzi nilipaswa kwenda Dar es Salaam, safari ya kilomita zipatazo 350 kwa basi, na begi langu likiwa na nguo za mwezi mzima. Hakuna aliyekuwa ameniambia, au labda lilikuwa katika ile karatasi ya kikombe cha uji, kwamba ili mionzi ya titi ipangwe unalazwa chali, mkono wa upande ule unapandishwa juu ya kichwa ili uwe nje ya njia ya miale, na unatakiwa kutulia hivyo hivyo bila kutetemeka, siku ya vipimo na kila siku ya tiba baada ya hapo. Mkono wangu ulifika usawa wa bega, ukagoma. Nilipojaribu kuusukuma kwa mkono mwingine nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika hadi ufukweni. Wahudumu hawakunigombeza, walinieleza kwa upole kwamba mionzi haiwezi kuanza, na kwamba nianze kwanza mazoezi tiba ya bega.

Nilisubiri wiki tano nikiishi kwa shemeji yangu. Jokofu nililokuwa nikiuzia barafu na juisi likauzwa. Lakini fedha si kitu ukilinganisha na usiku, maana kila usiku nilihesabu siku ambazo tiba yangu ilikuwa imesimama si kwa kukosekana mashine wala daktari, bali kwa kukosa kuinua mkono. Jirani yangu nilipomsimulia baadaye alisema, "Mungu ndiye apangaye." Mungu anapanga, sikatai, lakini kanga ile haikufungwa na Mungu.

Mtaalamu wa mazoezi tiba ndiye aliyenifungua macho. Alinieleza kwamba majimaji ya mwili yanayopita katika tezi hayana moyo wa kuyasukuma kama ilivyo damu, na kwamba misuli inapojikaza na kulegea ndiyo inayosaidia kuyapandisha. Kwa hiyo kuukunja na kuufungua mkono ni msaada, na kuufunga ni kuuziba. Ikiwa shangazi anataka ushahidi, mwambie kwamba mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani wa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba, na walioinua vyuma hatua kwa hatua kwa kusimamiwa hawakuzidi kuvimba kuliko wasioinua. Usichukue maneno hayo ukaenda kubeba ndoo ya lita 20, kama nilivyofanya mimi baadaye kwa kiherehere cha kupona na kulala na maumivu siku mbili; kwa wiki sita za mwanzo vitu vizito viache kabisa.

Kanuni yangu ni moja, mkono usipitiwe na siku bila kujongezwa, na uishie pale unapovuta, si pale unapochoma. Kesho asubuhi piga simu wodi uliyotoka uulize kama kidonda chako kinaruhusu kuupandisha mkono kupita bega, hasa ikiwa ulitengenezewa titi jipya, maana hao wana utaratibu wao. Wakikuruhusu, lala chali, shika mwiko wa ugali kwa mikono yote miwili, na huo mkono mzima uuongoze ule mgonjwa kuelekea nyuma ya kichwa polepole, mara tano hadi saba, asubuhi na jioni, huku ukivuta pumzi ndefu. Kisha simama ukiutazama ukuta na upandishe vidole kidogo kidogo kama mjusi. Wajukuu watakucheka, nami walinicheka. Kufumba na kufumbua ngumi usisubiri ruhusa ya mtu, fanya hata ukiwa unangoja chai ichemke. Ukiona mkono umekuwa mwekundu na wa moto, au umepata homa, au umevimba ghafla, hilo si jambo la mazoezi wala la mkandaji, ni la hospitali siku ileile. Na mionzi ikiisha usiache, kwa sababu ngozi na misuli ya kifua huendelea kukaza miezi mingi baadaye. Mimi sasa ni mwaka wa tatu na mwiko wangu umekwisha kuwa na alama ya vidole.

Najua uliuliza pia kuhusu kutembea jioni na kuhusu lishe. Tembea, na kula.

Wakikujibu wodini kwamba unaweza kuanza, kesho hiyohiyo chukua kipande cha mkaa, panda ukutani hadi vidole vitakapogoma, chora mstari na uandike tarehe, kisha rudi hapa utuambie mstari uko usawa wa pua, wa paji au wa bega. Na hiyo kanga, kama bado iko shingoni, jifunge kiunoni.