Kabla ya kudai kwamba filamu imeisaliti riwaya

Nilipotazama kwa mara ya kwanza The Maltese Falcon, filamu aliyoiongoza John Huston mwaka 1941, nilikuwa nimetoka kuimaliza riwaya ya Dashiell Hammett, nami nilikaa na kitabu mapajani nikitafuta makosa. La kwanza lilijitokeza mapema: Sam Spade, mpelelezi wa Hammett, ana nywele za rangi ya dhahabu, ilhali Humphrey Bogart anayemwigiza ana nywele nyeusi. Baada ya nusu saa nilikifunga kitabu kwa aibu kidogo, kwa kuwa mazungumzo mengi yalitamkwa karibu neno kwa neno kama yalivyochapwa.

Tangu siku hiyo, kabla ya kulinganisha matukio, huuliza kwanza ni nani anayesimulia. Hammett haingii kamwe moyoni mwa Spade. Hueleza vidole vinavyosokota sigara na macho yanayobadilika, nayo ni kazi ambayo kamera inaimudu. Raymond Chandler ana njia nyingine, kwani The Big Sleep ya mwaka 1939 inasimuliwa na mpelelezi Philip Marlowe mwenyewe, na utamu wake umo katika tashbihi na kejeli anazotusemea sisi wasomaji tu. Howard Hawks, katika filamu ya mwaka 1946, alibakiza majibizano makali, lakini sauti hiyo ya ndani ilipotea, na mahali pake yakaingia mapenzi ya Bogart na Lauren Bacall, ambayo riwaya haikuyapa uzito huo.

Pia tazameni kilichokatwa. Katika riwaya ya Hammett, Spade kumlazimisha mteja wake Brigid avue nguo ili atafute noti ya dola 1,000 kusingepita chini ya kanuni za maadili za Hollywood za wakati huo, na sioni sababu ya kumlaumu Huston. Ninachokililia ni kisa cha Flitcraft, ambacho Spade anakisimulia riwayani: mtu aliyekoswakoswa na boriti iliyoanguka, akaitelekeza familia yake, kisha akajijengea kwingine maisha yaleyale.

Mkiwa na muda mchache, someni walau ukurasa wa mwisho baada ya kutazama filamu. Huston anatuachia Spade akishuka ngazi na ile sanamu ya ndege iliyogombewa mkononi, karibu shujaa. Hammett anamrudisha ofisini, ambako Effie, katibu wake, anakiri kwamba Spade alitenda sawa kumkabidhi Brigid kwa polisi lakini anamsihi asimguse, na mlangoni anasubiri Iva, mjane wa mshirika wa Spade aliyeuawa.