Black Monk Time: ya 1966 au toleo la kurudiwa?

Salaam mkuu. Umeuliza kama santuri yako ya bendi ya rock The Monks, "Black Monk Time", ni ile ya kwanza iliyotolewa na kampuni ya muziki ya Polydor Ujerumani mwaka 1966, maana kasha ni jeusi tii na muuzaji ameapa ni ya zamani.

Anza na upande wa nyuma wa kasha. Ukiona msimbopau au anwani ya tovuti, habari imeishia hapo. 1966 vitu hivyo havikuwepo kwenye makasha ya santuri. Usipoviona, bado usifurahi, kwani nakala nyingine za kurudiwa hazina. Toa santuri, iinamishe kwenye mwanga, usome namba iliyochorwa sehemu tupu karibu na lebo, kisha linganisha na picha za nakala za 1966. Mimi niliwahi kulipia kasha zuri bila kusoma namba hiyo. Nyumbani ndipo nikaona herufi za kasha zimefifia kingo, zimenakiliwa kwa skana. Iliniuma sana.

Ikiwa ni toleo la kurudiwa la kampuni ya Light in the Attic, la 2009, itunze. The Monks, wale wanajeshi wa zamani wa Marekani, vichwa vimenyolewa utosi kama watawa, wanastahili kusikilizwa kwa sauti kubwa. Weka picha ya lebo hapa, bila kuiona siwezi kukuapia.