Riwaya nimezimaliza, mashairi yananishinda

SWALI: Mhariri, salaam. Mwaka huu nimesoma vitabu vinne. Kuli cha Shafi Adam Shafi nimekimaliza kwa siku mbili, na kwangu ndicho bora. Nagona cha Kezilahabi hakina kichwa wala miguu. Kichomi, chake pia, ni maneno yaliyokatwakatwa tu, si mashairi. Sauti ya Dhiki cha Abdilatif Abdalla nahisi ni kizuri, ila Kiswahili chake kinanipita kando. Kosa ni langu au lao?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Kwa Kuli hatubishani. Kisa cha Rashidi na mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948 kinakwenda mbele bila kona. Tatizo ni kwamba sasa unataka vitabu vyote viende hivyo.

Anza upya na Sauti ya Dhiki. Kinachokupita pale ni Kimvita, lahaja ya Mombasa. Mashairi yenyewe yalitungwa gerezani Kenya kati ya 1969 na 1972. Shika penseli. Mara nyingi penye "t" ungesema "ch", na penye "nd" ungesema "j": mato ni macho, kitwa ni kichwa, nti ni nchi, ndia ni njia. Ndoo huenda isiwe ya maji, ikawa "njoo". Siwati, jina la shairi mojawapo, ni "siachi". Andika maana pembeni, lakini ukisoma tamka kama ilivyochapwa. Ukiweka "macho" mahali pa "mato", kina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, kinavunjika.

Na usome kwa mdomo, si kwa macho. Kwa kawaida mshororo wa shairi la tarbia, lenye mishororo minne kila ubeti, una mizani (silabi) 16, vipande viwili vya 8. Hesabu kwa vidole: u-si-ku-u-me-i-ngi-a, nane. "Mtu" ni mizani 2, maana m inasimama peke yake. Tua kidogo kati ya vipande; anayepitiliza kama anasoma gazeti huwa hasikii vina vya kati kabisa. Mashairi mawili kwa siku yanatosha. Lile la "Mnazi: Vuta n'kuvute" ni majibizano ya watu wawili wanaogombea mnazi, kwa hiyo tafuta mwenzio, kila mtu ashike upande wake. Peke yako utalipunja.

Kichomi umekipima kwa kipimo cha tarbia. Hukuanza wewe, kilipotoka 1974 wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, walilalamika hivyo hivyo. Hapo acha mizani, tazama mstari umekatwa wapi na umekuachia picha gani. Shairi lisilokuachia picha, liruke.

Nagona tunakupa nusu ya haki. Kurasa zake hazifiki mia: kisome kwa mkao mmoja bila kusaka kisa, kisha rudia ukiweka alama penye mambo yanayojirudia. Kikikataa mara ya pili, kiweke kando usome Rosa Mistika (1971), ya mwandishi huyo huyo, iliyonyooka kama Kuli.